Tupige Alama Kabla ya Bamvua Lijalo

Nyuma ya jiko la bibi yangu, kule Pangani, palikuwa na jiwe jeusi alilolitumia kuparia samaki. Bamvua kubwa likija, maji yalifika kwenye jiwe, yakalilamba, yakarudi. Sisi watoto tuliambiwa kwamba mwisho wa bahari ni hapo, na tulicheza upande wa bara bila wasiwasi. Leo jiwe lile linaonekana maji yakipwa tu. Jiko halipo. Mnazi uliokuwa ukilitilia kivuli umelala kifudifudi ufukweni, mizizi juu.

Nilipokwenda kwenye msiba mwaka juzi niliuliza: ni lini hasa maji yalilipita jiwe la bibi? Mjomba alisema ni baada ya mvua za El Nino za mwaka 1997. Mama mdogo akakataa, akasema ni kabla ya hapo, yeye hajaolewa. Binamu yangu, ambaye ni mvuvi na bahari anaijua kuliko sisi sote, akasema haijapita miaka kumi na tano. Walibishana hadi chai ikapoa. Familia nzima iliishi hatua thelathini kutoka kwenye tukio lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliandika mahali.

Ndugu zangu wa pwani, kuanzia Moa hadi Msimbati, Unguja, Pemba na Mafia, hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Nina ombi moja kubwa, na mengine madogo yanayolifuata. Ombi kubwa ni hili: kila mtaa, kila kitongoji na kila shehia inayopakana na bahari ipige alama ya mahali maji yanapofika, iandike tarehe, na ilinde alama hiyo kama tunavyolinda hati za mashamba.

Najua kuna atakayesema: bahari yetu hupanda na kushuka kila siku ya Mungu, na wakati wa bamvua hufika mita tatu, hata karibu nne. Hizo sentimita wanazozitaja wataalamu zitatufanya nini? Ni swali la haki, nami nililiuliza pia. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba kati ya 1901 na 2018 uso wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20. Tandaza kiganja chako, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho: ni shubiri moja. Kwa bahari inayopanda mita nne, shubiri ni nini?

Ni kitu kikubwa, kwa sababu sisi hatukujenga katikati ya maji kujaa na kupwa. Tulijenga palepale yanapoishia. Kisima kilichimbwa hatua chache juu ya alama ya bamvua. Tuta la mpunga likainuliwa kidogo tu kuliko bamvua. Makaburi, msikiti, banda la samaki, vyote viliwekwa kwa kipimo cha wazee waliojua maji hayavuki hapa. Ukiongeza shubiri moja juu ya kipimo hicho, maji yaliyokuwa yakivuka mara moja katika maisha ya mtu yanaweza kuanza kuvuka kila mwaka. Na ufukwe wetu ni tambarare. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 1 tu kwa kila mita 50, shubiri moja ya kupanda ni mita 10 za kuingia bara. Jiko la bibi lilikuwa ndani ya hizo mita 10.

Kasi nayo haijatulia. Sehemu kubwa ya karne iliyopita bahari ilipanda kama milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ikawa milimita 3.7. Sababu zinajulikana. Maji yakipata joto hutanuka, na barafu ya Greenland, ya Antaktika na ya milima mirefu inayeyuka na kumiminika baharini. Dunia ikipunguza hewa ukaa kwa haraka na kwa nguvu zote, bado jopo lile linatarajia sentimita 28 hadi 55 ifikapo mwaka 2100. Ikiendelea kuchoma makaa na mafuta bila kujali, ni sentimita 63 hadi mita 1 na kidogo. Hiyo ni dhiraa mbili. Watoto wanaozaliwa mwaka huu katika hospitali zetu watakuwa wazee wa miaka sabini na kitu, nao ndio watakaoulizwa maji yalikuwa yakifika wapi.

Kwa wengine dalili si habari za mbele. Watu wa Pangani wanakijua Maziwe. Hadi miaka ya 1970 kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kuliko karibu popote pengine katika ukanda wetu. Miti ikakatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikafanya kazi yake. Sasa ni fungu jeupe linalozama maji yakijaa sana, na mayai ya kasa huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasioze kwa maji. Fungu la Nyani, kwenye mlango wa Rufiji, nalo limetajwa katika taarifa za serikali miongoni mwa visiwa vilivyomezwa. Bagamoyo kuna visima vilivyoachwa kwa sababu ya chumvi. Zanzibar, serikali imehesabu zaidi ya maeneo 140 ambako maji ya bahari yanaingia mashambani na makazini, na sehemu kubwa ya hayo iko Pemba.

Pemba nilikwenda mwenyewe, kijiji kimoja cha kusini. Mwenyeji wetu, mama wa makamo, alitangulia hadi kwenye bonde lililokuwa la mpunga. Udongo ulikuwa umepasuka vipandevipande, na kwenye kingo za kila kipande kuna unga mweupe. Mpunga hakuna, pameota majani manene mafupi ambayo ukiyabana yanatoa maji. Alivunja bonge la udongo, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akanipa.

"Onja, mwanangu."

Nikaonja. Ilikuwa chumvi, chumvi hasa, ya kutia mchuzini.

"Hapa mama yangu akivuna," akasema. "Tuta tumelijenga mara tatu. Twalijenga kusi, laondoka kaskazi."

Nilimuuliza mara ya kwanza maji kupita ilikuwa lini. Alinyamaza kidogo, akatazama mkono wake kana kwamba jibu liko pale. "Ah, zamani," akasema. Jiwe la bibi yangu tena.

Tunasahau maji, na tunasahau upepo pia. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, nilisikia watu wazima wakisema kwa uhakika kwamba Tanzania haijawahi kupigwa na kimbunga. Kumbe Aprili 15, 1872 kimbunga kiliishukia Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilinusurika, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu hadi leo. Fikiri: uchumi wa visiwa viwili uligeuzwa na upepo wa siku moja, nasi tunasema haujawahi kuvuma. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita Komoro na kuangukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, wiki chache baada ya Idai kuibomoa Beira, na watu wa Mtwara walishinda siku nzima wakitazama mawingu. Hidaya yenyewe ilipofika, barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika karibu na Somanga, na kwa siku kadhaa kusini kukawa kama kisiwa.

Hidaya ilitukuta tumeshalowa. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 hazikukoma hadi masika. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamefariki. Rufiji na Kibiti watu walipanda mitumbwi juu ya mashamba yao wenyewe. Dar es Salaam bonde la Msimbazi lilifurika kama lilivyofurika Desemba 2011, na wanaoishi Jangwani watakueleza jambo ambalo ramani hailionyeshi: mto ukishuka wakati bahari imejaa, maji hayana pa kutokea. Yanasubiri chini ya daraja la Selander hadi bahari iyaruhusu. Bahari ikipanda, kungoja huko kunarefuka, na kadiri kunavyorefuka ndivyo maji yanavyoingia vyumbani.

Kwa hiyo ombi la pili, na hili naliomba kwa moyo wote: tuchukue kwa uzito maneno ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wana ngazi tatu, na kila mtoto wa pwani anapaswa kuzijua kama anavyojua rangi za taa za barabarani. Angalizo ni njano. Tahadhari ni rangi ya chungwa. Tahadhari kubwa ni nyekundu. Wakati wa Hidaya safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa, na kuna watu walilalamika bandarini kwamba wanacheleweshewa harusi. Harusi zilifungwa baadaye, na maharusi wakiwa hai. Mwenye ngalawa au dau naye hana budi kuambiwa, tena mapema, kabla hajatweka. Diko lenye watu arobaini linahitaji mtu mmoja tu mwenye simu na sauti, aliyepewa kazi hiyo mbele ya wote, anayejulikana kwa jina.

Na kuna onyo ambalo halitoki redioni. Desemba 26, 2004 tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilisukuma tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi yote na kufika kwetu mchana. Somalia ilipoteza watu wapatao 300. Kwetu maji hayakuwa yamejaa, na hilo lilipunguza madhara. Hata hivyo watu waliokuwa wakiogelea Dar es Salaam walikufa. Ukiona maji yamekupwa ghafla wakati si wake, samaki wanarukaruka mchangani, usiingie kuokota. Kimbia kwenda juu, na ukimbie ukipiga kelele. Mfundishe mwanao hilo usiku wa leo kabla hajalala. Halichukui dakika mbili.

Sasa nizungumze na sisi wenyewe, maana si kila kilichoondoka kimeondolewa na bahari. Nyumba niliyokulia ilijengwa kwa mchanga wa ufukweni. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa baba yangu alijinyima miaka mingi kuijenga. Mchanga ule ulikuwa bure na uko karibu. Miaka ikapita, chumvi iliyomo ikala nondo. Dari ikaanza kumeguka vipande vyenye kutu juu ya kitanda cha wageni. Na pale ufukweni uliposombwa mchanga pakabaki shimo, na mawimbi ya kusi yakapata njia. Tulipoteza ufukwe, na nyumba haikusimama vizuri. Lori linalopakia mchanga usiku kwenye mtaa wako linabeba ukuta wa nyumba yako wewe, hata kama yako iko mbali. Mchanga hutembea: unaoondoka kwenye mlango wa mto leo ndio ambao ungeufikia ufukwe wa jirani kesho.

Mikoko ina habari ndefu zaidi, nami naipenda, basi nivumilieni. Ukiingia nyumba yoyote ya kale ya mawe, Mji Mkongwe, Pangani au Kilwa, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Boriti za Rufiji zilisafiri kwa majahazi hadi Oman na miji ya Ghuba, zikaezeka nyumba za watu ambao hawakuwahi kuuona mkoko umesimama. Mji wetu na mti huu ni ndugu. Delta ya Rufiji peke yake ina karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Mizizi yake huvunja nguvu ya wimbi, hushika tope, na mahali tope linapopatikana la kutosha ardhi hujiinua polepole pamoja na bahari. Ukuta wa saruji hauwezi hilo. Ukuta ukishajengwa umebaki na kimo chake.

Sisemi kuta ni mbaya. Barabara ya Obama, Dar es Salaam, iliyokuwa ikiliwa kila mwaka, imejengewa ukuta imara. Ufukwe wa Pangani mjini vilevile ulihitaji ukuta, kwani mji hauwezi kungojea mti ukue. Kilwa Kisiwani, ambako ngome iitwayo Gereza ilikuwa inadondokea baharini, walijenga kinga na wakapanda mikoko, na mwaka 2014 magofu yale yakatolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini baada ya miaka kumi. Ninachoomba ni kwamba penye nafasi ya mti, mti utangulie.

Lakini tupande kwa akili. Nimeona vikundi vikija na fulana mpya, vikachomeka maelfu ya mbegu za mkoko siku moja mbele kabisa ya maji, picha zikapigwa, na baada ya bamvua mbili hakuna kitu. Kila mti una safu yake. Mlilana husimama mbele, miguu majini. Mkoko wenye mizizi ya matao hukaa nyuma yake kwenye tope laini, mkandaa nyuma zaidi, na mchu hustahimili hata kule ardhi inakokauka na kukolea chumvi. Anayejua safu hizo si mgeni mwenye fulana. Ni mama anayeokota chaza na kombe pale kila maji yakipwa. Muulizeni yeye kwanza, na mumlipe kwa kazi hiyo kama mnavyomlipa mtaalamu. Mara nyingi atawaambia msipande chochote, fungueni tu mfereji ulioziba, maji yataleta mbegu yenyewe. Jirani zetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wamelinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 na wanauza hewa ukaa iliyohifadhiwa humo. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule.

Kuhusu kujenga, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huku Bara inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Mita 60 kutoka wapi, mtu atauliza. Hapo ndipo alama inaporudi. Kijana anayenunua kiwanja cha ufukweni kwa fedha zote alizochuma mjini hana cha kumwonyesha mahali maji yalipofika mwaka aliozaliwa. Dalali atamwonyesha maji yakiwa yamepwa. Alama iliyopakwa rangi kwenye nguzo, yenye tarehe na saini ya mwenyekiti wa mtaa au ya sheha, haiwezi kuzungushwa.

Na kuna sababu nyingine, inayonigusa kuliko zote. Moshi uliopasha bahari hii joto haukutoka Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Yule mama aliyenionjesha udongo wake hajawahi kumiliki gari. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuunda hazina ya kufidia hasara na uharibifu kwa nchi zilizo katika hatari kubwa. Ni haki yetu, si sadaka. Lakini anayedai huulizwa ushahidi: shamba lilikuwa wapi, lilipotea lini, maji yaliingia mara ngapi. Vipima maji vya bandarini, kama kile cha Unguja kinachofanya kazi tangu 1984, vina thamani kubwa, ila ni vichache mno kwa pwani ya Bara tu yenye urefu wa zaidi ya kilomita 800. Katikati ya kipimo na kipimo tupo sisi. Jibu la "ah, zamani" litatunyima haki yetu.

Kazi yenyewe si ngumu. Mabamvua makubwa ya mwaka huja karibu na Machi na Septemba, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mvuvi yeyote atakutajia siku. Chagueni kitu kisichohama: nguzo ya daraja, pembe ya msikiti au kanisa, mwamba, mbuyu. Mwende wote, mzee mmoja na watoto wa shule kadhaa, mngoje maji yasimame. Pigeni mstari, andikeni tarehe na saa. Pimeni kwa utepe kutoka mstari hadi mlango wa nyumba ya karibu. Pigeni picha yenye mtu ndani yake, ili kimo kionekane. Nakala moja ikae kwenye daftari la mtaa, nyingine shuleni. Onjeni na kisima cha karibu siku hiyohiyo, mkaandike ladha yake. Halafu waulizeni wazee: kabla ya hapa, maji yaliishia wapi? Hata kama watabishana, andikeni ubishi wote kama ulivyo, na majina ya waliosema.

Machi iliyopita mimi na binamu yangu tulianza na yetu. Rangi ilikuwa ya bluu, iliyobaki alipopaka ngalawa. Tulipiga mstari kwenye nguzo ya zege iliyobaki ya banda la samaki, tukapima hadi ukuta wa nyumba ya jirani: mita 11 na nusu. Watoto wakaandika. Mama mdogo, ambaye hakutaka kuja, alitoka mwishoni na kanga kichwani, akasimama muda mrefu akitazama majini kule liliko jiwe. Kisha akamwambia mtoto aliyeshika daftari, "Andika na hili: jiwe lilipitwa mwaka ule nilipoolewa. Nimekumbuka. Maji yaliingia jikoni siku ya singo." Mtoto akaandika: 1994, jikoni, siku ya singo. Septemba tutarudi na utepe.